Kukutajia shida yako si kipimo cha mganga

Hapa Dodoma, kuanzia Majengo hadi Kondoa, utasikia: mganga wa kweli hukutajia shida kabla hujafungua mdomo. Imani hii ni ya zamani, na imewaumiza wengi.

Tazama benchi la kusubiria. Yule dada mpole anayekukaribisha maji anauliza umetoka wapi, unaumwa au ni mambo ya ndoa. Dakika kumi baadaye unayasikia yaleyale chumbani, kwenye moshi wa ubani. Asipokuwepo msaidizi, kuna maneno yanayomwingia kila mtu: "Kuna mtu wa karibu hakutakii mema." Uso wako ukibadilika tu, anajua afuate njia ipi.

Muulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Usajili huo ni wa tiba, si wa ramli. Akianza kumtaja shangazi au jirani kuwa ndiye mchawi, inuka uondoke. Hiyo ni ramli chonganishi. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Na dawa za hospitali, tafadhali, usiziache kwa agizo lake.