Magazijuto: JU haiitangulii TO

Magazijuto ni kifupisho cha mpangilio wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Swali lenye alama mchanganyiko hufuata mpangilio huo ili sote tupate jibu moja. 2 + 3 × 4 ni 14, maana 3 × 4 ni nne tatu, na hizo huhesabiwa kabla 2 haijaongezwa. Hapo hakuna ubishi, labda na kikokotoo kidogo cha kawaida, ambacho hukokotoa kadiri unavyobonyeza na kukupa 20.

Ubishi uko mkiani, kwenye JU (jumlisha) na TO (toa). Swali lenye kujumlisha na kutoa pamoja likizuka, hakosekani wa kusema: "Jumlisha kwanza, magazijuto inasema hivyo." Chukua 20 − 8 + 5. Anajumlisha 8 na 5 anapata 13, anaitoa kwenye 20, anabaki na 7, tena kwa kujiamini kabisa. Jibu ni 17. Alichokokotoa ni 20 − (8 + 5), na mabano hayo kayaleta mwenyewe. Kwenye swali hayamo.

Kujumlisha na kutoa ni daraja moja. Zikikutana, unaanza kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Alama ya kutoa ni ya namba inayoifuata tu: hapa imeishika 8, wala 5 haihusiki.

Cha ajabu, GA kuitangulia ZI hakudhuru mtu. 6 × 8 ÷ 4 ni 12, ugawanye kwanza au uanzie kushoto. Nadhani ndiyo maana watu huamini kila herufi imepangwa kwa cheo. Hata mkia ungeandikwa TOJU, majibu yangekuwa sahihi, ila 3 + 5 − 8 ingekulazimisha kupitia namba hasi bila sababu.

(Vipeo navyo havimo kwenye kifupisho. Nafasi yake ni mara baada ya mabano: 2 × 3² ni 18, si 36.)

Kwa hiyo aliyepata 7 usimcheke. Kanuni anaikumbuka, tena herufi kwa herufi. Mwambie tu GAZI aihesabu hatua moja, JUTO hatua moja, na ndani ya kila hatua aanzie kushoto.