Kiini cha mpira wa gofu: ulaini ukae wapi?

Watu wengi wakitaka kujua kama mpira wa gofu ni mzuri huudundisha sakafuni. Kipimo hicho hakisemi lolote la maana. Mpira ukiachiwa kutoka usawa wa kiuno hufika kwenye saruji kwa mwendo wa mita nne na kitu kwa sekunde, ilhali draiva, fimbo ya kupigia mbali, ya mchezaji wa kulipwa huutoa kwa zaidi ya mita 70 kwa sekunde. Mdundo wa sakafuni hukwaruza ganda tu. Kilicho ndani, ambacho ndicho kinacholipiwa, hakijaguswa.

Kazi yangu ni kuchanganya raba. Zamani nilikuwa Asia, kwenye kiwanda kilichotengeneza viini vya mipira ya gofu kwa ajili ya kampuni nyingine. Sasa niko Tanga na karakana yangu. Natengeneza bushi, sili na roli za mashine, na wateja wangu wakubwa ni wenye korona, mashine za kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Lakini nikipita uwanja wa gofu, vijana wanaobeba mifuko hunisimamisha wakiwa na mipira mikononi. "Shikamoo fundi. Huu na huu yote meupe, yote ina vishimo. Mbona bei zimepishana hivi?" Swali ni la haki na jibu lake ni refu kuliko salamu za njiani.

Tuanze na sheria, maana ndizo zinazotufunga mikono. R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, vyombo vinavyotunga sheria za gofu, wanakubali mpira usiozidi gramu 45.93, wenye kipenyo kisichopungua milimita 42.67. Kuna pia kikomo cha kasi: kwenye mtambo wao wa majaribio mpira usitoke kwa zaidi ya mita 76.2 kwa sekunde, ukiongeza asilimia ndogo ya kuvumilia makosa ya kipimo. Kwa hiyo anayekuambia ana mpira wenye kasi kuliko yote duniani, ama anauza mpira haramu, ama anauza maneno. Mipira mizuri yote imegota kwenye dari hilohilo. Ushindani umehamia kwingine.

Piga hesabu kidogo. Gramu 45.93 ndani ya tufe la milimita 42.67 ni karibu gramu 1.13 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Raba tunayotumia, polibutadieni, ina gramu 0.91 hivi. Pengo hilo linazibwa na vitu vizito, hasa oksidi ya zinki au salfeti ya bariamu, na hapo hapo mbunifu anapata uamuzi wake wa kwanza: uzito huo auweke wapi? Ukiwa katikati, mpira huanza kuzunguka kwa urahisi. Ukisogezwa nje, hugoma kidogo kuanza, lakini ukishaanza haupoi upesi hewani. Gramu ni zilezile, tabia mbili tofauti.

Kiini chenyewe si kitu kidogo. Katika mpira wa kisasa wenye tabaka tatu, kiini kina kipenyo cha milimita 39 hivi, na ujazo wake ni zaidi ya robo tatu ya mpira mzima. Tabaka la kati, la plastiki ngumu iitwayo ayonoma, lina milimita moja hivi, na ganda la poliyurethani halifiki hata milimita moja. Vishimo vya juu, ambavyo matangazo huvipigia debe kweli, vina kazi yake ya kuongoza hewa, lakini leo naviacha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kuanzia mwaka 1848 mipira ilifinyangwa kwa gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya, kipande kimoja hadi katikati. Mwaka 1898 Mmarekani Coburn Haskell, akiwa kwenye kiwanda cha raba cha Goodrich mjini Akron, Ohio, akapata wazo la kuzungushia uzi wa raba uliovutwa kwa nguvu juu ya kitu kidogo cha katikati. Uzi ule ulikuwa raba asilia, na ilifaa hasa, kwa sababu raba asilia ikivutwa molekuli zake hujipanga na kuwa fuwele, nayo huzidi kuwa imara jinsi unavyoivuta. Viini vya nyuzi vilitawala kwa karibu karne nzima. Mwaka 2000 ndio vilipoangushwa: Tiger Woods alishinda US Open pale Pebble Beach kwa tofauti ya mapigo 15 akitumia mpira wa kiini kizima, kisicho na nyuzi, na Oktoba mwaka huo kampuni ya Titleist ikaingiza mashindanoni mpira wake wa aina hiyo, Pro V1. Baada ya hapo wachezaji wakubwa waliachana na nyuzi kwa haraka ya ajabu.

Hapa Tanga swali linalofuata huwa halikosekani. Muheza kuna mashamba ya mpira. Wajerumani walipanda mpira wa aina ya Manihot kwenye nchi hii ya chini ya Usambara mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913, na baadaye ikaja miti ya Hevea kule Kihuhwi. Kwa nini tusitumie utomvu wetu?

Nauthamini utomvu ule, na kwenye bushi zinazobeba mtetemo hauna mpinzani. Kwenye kiini cha gofu haufui dafu. Kila raba ina kiwango cha baridi ambapo hukakamaa na kuacha kuwa raba. Raba asilia hukifikia karibu na nyuzi 70 chini ya sifuri, polibutadieni karibu na nyuzi 100 chini ya sifuri. Utasema Tanga hatujui baridi, hayo yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu kwa raba pigo la ghafla hufanya kazi ileile ya baridi. Molekuli zinahitaji muda wa kupisha na kurudi, na fimbo haiwapi muda: inagusana na mpira kwa karibu nusu ya milisekunde tu. Kuitoa gramu 45.93 kutoka kusimama hadi mita 70 kwa sekunde ndani ya muda huo kunahitaji nguvu ya wastani wa nyutoni 6,400 hivi, sawa na uzito wa kilo 650. Raba iliyo mbali zaidi na kiwango chake cha kukakamaa ndiyo inayorudisha nguvu hiyo bila kuipoteza nyingi kama joto.

Sasa twende jikoni. Polibutadieni ninayoizungumzia si ya aina yoyote tu. Viungo zaidi ya 95 katika kila 100 vya minyororo yake viwe vimejikunja upande mmoja, mpangilio uitwao cis. Kwa kila sehemu 100 za raba hiyo huingia sehemu 25 hadi 35 za zinki diakrileti, oksidi ya zinki kidogo, kizito cha kusawazisha uzani, na peroksaidi ambayo mara nyingi haifiki hata sehemu moja. Salfa, ambayo ndiyo chumvi ya kila siku kwenye matairi na kwenye bushi zangu, haimo. Peroksaidi ikipata joto huvunjika na kuzaa chembe zenye njaa ya kuungana. Hizo huifunga zinki diakrileti kwenye minyororo ya raba, na zinki zikakusanyika kuwa mafundo madogo magumu. Raba inapata ukakamavu bila kupoteza mdundo wake. Kuna na kemikali moja, chumvi ya zinki ya pentaklorothiofenoli, ambayo kwa kiasi kidogo sana hulainisha kiini huku kasi ikibaki palepale. Hiyo naiheshimu mno, maana karibu kila kitu kingine katika fani hii ukikipata laini umepoteza kasi.

Mchanganyiko unapita kwenye kinu cha roli mbili, unakatwa vipande, kila kipande kinaingia kwenye tundu la kalibu, presi inafungwa. Nyuzi 160 hadi 170 za Selsiasi, dakika kumi hadi kumi na tano. Ukifungua presi unapigwa na harufu tamu nzito ya asetofenoni, ambayo ni mabaki ya peroksaidi aina ya dikumili, na kila kiini kina ukingo mwembamba kiunoni palipokutana nusu mbili za kalibu. Ukingo huo unasagwa kwenye mashine mpaka tufe liwe tufe kweli.

Dakika hizo ndani ya presi ndizo moyo wa kazi yote. Mtu akisikia "kiini laini" au "kiini kigumu" hudhani kiini kina ugumu mmoja. Hakina. Funga kiini kwenye jiliwa, kikate katikati kwa msumeno wa chuma, lainisha uso kwa msasa, halafu pima kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore C ukianzia kitovuni kwenda nje. Kitovuni utasoma sitini na kitu. Kadiri unavyosogea namba inapanda, kwanza polepole, halafu kwa kasi unapokaribia ukingo, na usoni inavuka 80. Kipande ni kimoja, mchanganyiko ni mmoja, presi ni moja, na bado mpiga kipimo anaona kama vitu viwili.

Sababu ni joto. Raba haipitishi joto vizuri, kwa hiyo nje huiva mapema na ndani huchelewa, kama andazi nene kwenye mafuta makali. Ila kiini kina jambo ambalo andazi halina: kuungana kwa zinki diakrileti kwenyewe kunatoa joto, na joto la kitovuni halina pa kutokea. Likikusanyika, kitovu kinapanda hadi kuwa cha moto kuliko kalibu yenyewe. Peroksaidi ya pale inavunjika yote kwa mkupuo, chembe nyingi zinakutana zenyewe kwa zenyewe na kupotea bure badala ya kufunga raba. Matokeo yake kitovu hubaki na vifungo vichache, yaani laini. Ukitumia moto mdogo kwa muda mrefu, mteremko huo unalala na kiini kinakaribia kuwa sawa kote. Kwa hiyo namba za saa na joto ukutani kando ya presi ni sehemu ya ubunifu sawa na karatasi ya vipimo vya kemikali, na mimi naweza kusema ni sehemu kubwa zaidi.

Faida ya mteremko huo ni nini? Draiva inapopiga, mpira unabonyea hadi ndani kabisa, na uso wa fimbo ulioinama kidogo unauvuta ngozi upande mmoja. Kitovu laini chini ya ukuta mgumu kinakubali kujipinda, kisha kinajinyoosha kabla mpira haujaachia fimbo, na kule kujinyoosha kunafuta sehemu ya mzunguko wa kurudi nyuma. Mpira unatoka juu zaidi na unazunguka kidogo, haujiinui angani na kuanguka njiani. Weji, fimbo ya mapigo mafupi, ni hadithi nyingine: pigo halifiki kitovuni. Hapo ganda laini la poliyurethani linabanwa kati ya mifereji ya fimbo na tabaka gumu la kati, nalo linashika na kuzungusha. Kwa mchezaji wa kulipwa draiva huleta mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, weji ikavuka 9,000. Mpira wa bei ya juu ni ule unaojua kufanya yote mawili. Ule wa bei nafuu wenye tabaka mbili na ganda gumu la ayonoma hufanya la kwanza vizuri sana, la pili kidogo. Vijana wangu wa uwanjani, hapo ndipo bei zinapoachana.

Wengine huugawa mteremko kwa makusudi: kiini kidogo laini ndani, kisha kiini cha pili kigumu kukizunguka, vimepikwa kwa awamu. Ni kazi nzuri lakini ina hatari yake, kwa sababu kiini cha ndani kikihama kidogo tu kutoka katikati mpira unakuwa na upande mzito. Kuugundua ni rahisi hata nyumbani. Chukua chumvi yetu ya mabwawani, gramu 250 hivi kwa kila lita ya maji, koroga mpaka iyeyuke. Mpira unaozama baharini utaelea humo. Uzungushe kwa kidole, usubiri utulie, tia alama ya kalamu pale juu. Rudia tena na tena. Alama ikiwa inarudi juu kila mara, mpira huo una upande mzito, na kwenye mteremko wa kijani, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, hautashika mstari wako.

Vipimo vya kiwandani ni viwili ambavyo siwezi kuishi bila wao. Kwanza kubonyea: kiini kinakandamizwa kutoka kilo 10 hadi kilo 130 na tunasoma kimebonyea milimita ngapi, kwa kawaida kati ya mbili na nusu na nne na nusu. Pili mzinga wa hewa: kiini kinarushwa kwenye bamba la chuma kwa mita 38 kwa sekunde, na kasi ya kurudi inagawanywa kwa ya kwenda. Kiini kizuri hurudi na karibu asilimia 80.

Desemba 2023 USGA na R&A walitangaza kwamba jaribio la umbali litafanywa kwa kasi ya kichwa cha fimbo ya maili 125 kwa saa badala ya 120, huku kikomo cha umbali kikibaki yadi 317 na nyongeza ya tatu. Maana yake mipira mingi ya leo itapita kikomo, na wabunifu itabidi wapunguze kasi. Njia ya mkato ni kupunguza mdundo wa kiini chote. Mimi naipinga, kwa sababu mzee wa hapa Tanga anayepiga taratibu atapoteza mita ambazo hakuwahi kumkosea mtu nazo. Ningeigusa sehemu ya kitovu peke yake: ningetia pale raba inayopoteza nguvu zaidi, na kuuacha ukuta wa nje kama ulivyo. Anayepiga polepole haubonyezi mpira hadi kule kwa kiasi cha kuihisi tofauti. Anayepiga kwa maili 125 anafika mpaka kitovuni, naye ndiye atakayelipa.