Ndoana isiyo na kijino haimpotezi stilihedi

Wavuvi wengi huamini kwamba ndoana isiyo na kijino, ile ncha ndogo inayoizuia kuchomoka, itamwachia stilihedi. Samaki huyu ni trauti wa aina ileile ya mito ya Mlima Kenya, ila yeye huenda baharini, kisha hurudi mtoni kuzaa. Kwenye mito ya jimbo la Washington, Marekani, kama Hoh, kanuni za msimu wa baridi zimedai ndoana ya namna hiyo. Kinachomshikilia hasa ni mshipi uliokazwa. Ukilegea, hata yenye kijino huweza kuchomoka. Tena ndoana isiyo na kijino huzama upesi katika taya gumu, mradi iwe kali. Na samaki wa asili, asiyekatwa kipezi kidogo cha mgongoni karibu na mkia kama wanavyokatwa wa kufugwa, hunasuliwa haraka akarudi majini. Usinunue mpya: kibane kijino kwa koleo.