Silaha za Iraq: jangwa halikuwa tatizo

Dhana: Iraq ni kubwa mno, ndiyo maana silaha za maangamizi, ambazo Marekani ilizitaja kuwa sababu ya kuivamia mwaka 2003, hazikuonekana.

Ukweli: Kubwa ni kubwa kweli, zaidi ya kilomita za mraba 430,000, na mchanga wake unameza mengi. Mwaka 2003 wanajeshi wa Marekani walifukua ndege za kivita, zikiwemo MiG-25, zilizozikwa katika uwanja wa Al Taqaddum magharibi mwa Baghdad. Ikiwa ndege nzima inazikika, sembuse chupa za vijidudu? Hoja inavutia, lakini hakuna mkaguzi anayepekua jangwa hatua kwa hatua. Silaha ya kemikali au ya nyuklia inataka kiwanda, wataalamu, malighafi na makaratasi, na hivyo ndivyo vinavyofuatiliwa. Agosti 1995 Hussein Kamel, msimamizi wa miradi ya silaha hizo na mkwe wa Rais Saddam Hussein, alitorokea Jordan. Haukupita muda, serikali ya Iraq ikawaelekeza wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kwenye shamba la kuku. Bandani walikuta masanduku kwa masanduku ya nyaraka za miradi hiyo.

Dhana: Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa waliambulia patupu.

Ukweli: Hili linaniuma, maana kazi yao ilidharauliwa. Mwaka 1996 walisimamia kubomolewa kwa Al Hakam, kiwanda cha silaha za kibaiolojia. Waliporudi Novemba 2002 chini ya mkuu wao, Hans Blix, waligundua kwamba makombora ya Al Samoud 2 yanavuka kikomo cha kilomita 150 ambacho Iraq iliwekewa na Umoja wa Mataifa. Takriban 70 yaliharibiwa kabla hawajaondolewa Machi 2003, vita vikiwa mlangoni.

Dhana: Wangekuwa wengi zaidi, wangezipata.

Ukweli: Baada ya uvamizi Marekani na washirika wake walituma zaidi ya watu elfu moja kuzitafuta, nchi ikiwa wazi kwao na wanasayansi wake wakihojiwa. Ripoti ya mwaka 2004 ya Charles Duelfer, aliyeongoza kundi hilo, ilisema hakukuwa na akiba ya silaha hizo. Sehemu kubwa ya akiba ambayo haikuitangaza, Iraq ilikuwa imeiharibu yenyewe mwaka 1991, kwa siri, bila kumbukumbu za kutosha. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa: utathibitishaje kwamba kitu hakipo, ilhali aliyekiteketeza hakuita shahidi?

Dhana: Basi ardhini hakukuwa na kitu.

Ukweli: Kulikuwa na makombora ya mizinga ya enzi za vita na Iran, yenye kutu, yasiyo sehemu ya mradi wowote mpya. Baadhi ya wanajeshi walioyashika waliungua ngozi kwa gesi ya haradali iliyokuwa ikivuja.