Kodi ya Kaboni Isichanganywe na Tozo ya Magari Yaliyotumika

Msimu wa bajeti unapokaribia, forodha ya Uganda hupokea malalamiko mengi ya wananchi wanaodai kwamba tayari wanalipa kodi ya kaboni, eti kwa sababu walitozwa tozo ya mazingira walipoingiza gari lililotumika. Dai hilo si sahihi, na ni vyema lirekebishwe kabla ya mjadala kuhusu kodi hiyo kupamba moto.

Tozo ya mazingira hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya kulisafirisha, kwa kuzingatia umri wake. Umri huhesabiwa tangu gari lilipotengenezwa kiwandani, si tangu lilipoandikishwa Japani, wala si tangu liliposhushwa Mombasa. Hili tumelieleza mara nyingi mno. Kodi ya kaboni haiangalii umri hata kidogo. Hupima hewa ukaa itokanayo na mafuta yanayochomwa: takriban kilo 2.3 kwa lita ya petroli na kilo 2.7 kwa lita ya dizeli. Taksi inayomaliza lita 40 za petroli kwa siku, iwe mpya au kuukuu, hutoa kilo 92, na kwa siku 11 imekwisha kuvuka tani moja. Tozo ya mazingira hulipwa mara moja tu, gari linapoingizwa. Kodi ya kaboni humfikia mwenye gari kila anapojaza tangi.

Finland ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1990. Barani Afrika, Afrika Kusini ilitangulia Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, na kwenye vituo vya mafuta ikatoza senti 9 kwa lita ya petroli na senti 10 kwa lita ya dizeli. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kiini cha kodi yenyewe: chenye kaboni nyingi hulipiwa zaidi. Kwa maoni yangu, kodi kama hiyo ikija Uganda iende sambamba na boda boda za umeme, kwani umeme wetu hutokana zaidi na maji ya Nile, na mwendeshaji asiye na njia mbadala atalipa tu bila kupunguza moshi.

Kwa sasa, anayebadilisha mwaka wa kutengenezwa kwa gari kwenye hati ili apunguziwe tozo ya mazingira afahamu kwamba kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 kinaruhusu kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000, na kwamba ushuru usiolipwa kwa wakati huongezewa riba ya asilimia 2 kila mwezi. Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba kwa maandishi upitiwe upya, chini ya kifungu cha 229, akitaja sababu zake. Kamishna wa forodha naye ana siku 30 za kujibu tangu apokee ombi pamoja na maelezo yote aliyoyahitaji. Zikipita bila jibu, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Malalamiko ya redioni hayahesabiwi kuwa ombi.