Wanunuzi wa kamba wakipatana bei, mvuvi wa Lamu ana haki gani?

"Bei ni yao. Hutaki, rudi na kamba wako." Kauli hii imezoeleka bandarini, na ndiyo dhana inayowaumiza wavuvi kuliko zote. Kweli, kila mnunuzi ana haki ya kutaja bei yake. Asichoruhusiwa ni kukaa na wenzake wakapatana kwamba kuanzia kesho hakuna atakayepandisha zaidi ya kiasi fulani kwa kilo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya, Na. 12 ya 2010, kinakataza kupanga bei ya kununulia sawa na ya kuuzia, hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo tu. Anayepatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 5, kutozwa faini hadi shilingi milioni 10, au vyote viwili.

Wengine nao wakiona bei zinalingana husema papo hapo kuna njama. Si lazima. Kusi ikivuma na hoteli za kijiji cha Shela zikikosa wageni, bei ya kamba mawe inaweza kushuka kwa wanunuzi wote bila yeyote kumpigia mwenzake simu. Petroli ya boti nayo hulingana kwa kuwa EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu kila mwezi. Korti inatafuta mapatano yenyewe: ujumbe wa simu, kikao, shahidi aliyekuwepo.

"Mamlaka ya Ushindani ikiwatoza faini, nasi tutapata fungu letu." Mamlaka hiyo ndiyo inayosimamia sheria hii, lakini hapa wengi hukata tamaa baadaye. Agosti 2023 kampuni 9 za chuma zilitozwa jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Hiyo ni adhabu, si fidia ya fundi aliyenunua nondo ghali. Hata hivyo Mamlaka inaweza kuagiza madhara yarekebishwe, kama ilivyofanya 2020 ilipoiagiza supamaketi ya Carrefour imrejeshee msambazaji mmoja wa yogati pesa zake. Nje ya hapo, fidia hudaiwa kortini. Marekani, sheria ya ushindani iitwayo Clayton Act ya 1914 humpa mdai mara tatu ya hasara yake. Sheria yetu haikumwekea mlalamishi njia ya wazi namna hiyo, na kwangu hilo ni pengo ambalo Bunge linapaswa kuliziba. Kwa hiyo tafuta wakili mapema, kwani madai mengi ya madhara yasiyotokana na mkataba hufungwa baada ya miaka 3.

Kazi ngumu ni kuonyesha hasara. Tuseme uliuza kwa 1,500 kilo moja, kisha wanunuzi wote wakashuka hadi 1,100 siku moja, nawe ukauza kilo 300 kabla bei haijarudi. Hasara si 120,000 moja kwa moja. Wakili wa upande wa pili atauliza: bila njama, bei ingekuwa ngapi msimu ule? Jibu hutoka kwa kulinganisha na mwezi kama huo mwaka uliopita, au na Malindi ambako wanunuzi hao hawafiki. Daftari la mizani lenye tarehe na uzito, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, vitakusaidia kuliko malalamiko ya kijiji kizima.

"Mnyonge hashindani na matajiri kortini." Afrika Kusini, viwanda vya mikate vilipopatana bei na kuwapunguzia wasambazaji kiwango cha punguzo mwaka 2006, wasambazaji wadogo wa jimbo la Western Cape ndio waliolalamika. Tiger Brands, mojawapo ya kampuni hizo, ilikubali kulipa faini ya randi milioni 98.7. Imraahn Mukaddam, mmoja wa wasambazaji hao, alipigania kushtaki kwa niaba ya wenzake hadi Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2013 ilimfungulia njia.

Jambo moja ambalo wavuvi hawapendi kuambiwa: BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, nayo haiko juu ya sheria. Wanachama wakikubaliana kutouza chini ya bei fulani, wanaweza kuwa wamevunja sheria ileile, kwa kuwa kifungu cha 22 kinagusa vyama. Anayetaka mpango wa aina hiyo aiombe Mamlaka msamaha kwanza, chini ya kifungu cha 25.