Je, wajua kwa nini mistari myeusi huukata mwili kwenye vioo vya rangi?

Mtazame mcheza ngoma aliyetengenezwa kwa vioo vya rangi. Mstari mweusi unamkata shingoni, mwingine kiunoni, na mwingine unatoka kiwikoni ukaishia pembeni mwa dirisha, mahali pasipo na umbo lolote la kuchorwa. Wa nini?

Wengi hudhani msanii alichora kwanza kwa wino mweusi, kisha akajaza rangi. Sivyo. Mstari ule ni mkanda wa risasi, madini yale laini, wenye mfereji kila upande wa kushikia kingo za vioo viwili. Wala rangi, kwa kawaida, haikupakwa juu. Buluu hutokana na madini ya kobalti yaliyoyeyushwa pamoja na kioo tanurini, zambarau na madini ya manganizi, nyekundu na shaba au dhahabu. Brashi ipo, lakini kazi yake kubwa ni vivuli na sura ya uso: unga wa kioo na oksidi ya chuma, hupakwa kisha huchomwa mpaka ugandamane na kioo. Kwa hiyo rangi mbili huhitaji vipande viwili, na vipande viwili huhitaji risasi katikati.

Hata hivyo, mstari wa kiwiko bado haujaelezwa, maana pande zake zote mbili ni buluu ileile. Sababu yake ni ufa.

Fundi hakikati kioo hasa. Hupitisha juu yake kigurudumu kigumu kinachoacha mkwaruzo, kisha hukibinya hadi ufa ufunguke kuufuata. Ni kama muuza vitambaa anayetia mkasi kidogo ukingoni, halafu akapasua kwa mikono: mpasuko hukimbia safi, lakini hakuna awezaye kuupindisha ghafla uingie kona. Kitambaa kina nyuzi za kuuongoza; kioo hakina, na ufa hukimbilia palipo na mvutano mkubwa. Tao pana hulikubali. Kona kali ya kuingia ndani huipita, ukanyoosha mpaka ukingoni.

Kiwiko kinachochomoza huacha kona ya namna hiyo kwenye buluu inayokizunguka. Basi msanii hupeleka mstari kutoka kiwikoni hadi pembeni, akapata vipande viwili vinavyokatika. Ndiyo maana mtu aliyesimama wima hudai mistari michache, na anayeruka huimwaga kila upande. Msanii hodari huielekeza kule mwili unakoelekea, nalo jicho likaifuata. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika sanaa hii: ukaidi wa kioo umegeuzwa mwendo.

Siku hizi mashine ya maji yenye mchanga hukila kioo badala ya kukipasua, hivyo hukata hata kona, ingawa kona hiyo hubaki dhaifu na joto laweza kuipasua baadaye. Msanii wa vioo Judith Schaechter wa Philadelphia, Marekani, hutumia kioo angavu chenye ngozi nyembamba ya rangi, akaichonga na kuipiga mchanga mpaka mwili ujitokeze, kisha hupanga tabaka juu ya tabaka. Naye mchoraji Kehinde Wiley, kwenye dari ya kituo cha treni cha Moynihan, New York, kilichofunguliwa Januari 2021, ameweka kazi iitwayo *Go*: vijana wenye raba na jinzi wakicheza breki dansi katikati ya mawingu, wamechorwa kwa mkono juu ya kioo na kuangazwa kwa nyuma.